Gofu, barabara na taa: namna ya kuifuatilia kero ya mtaa mpaka halmashauri

Mimi ni fundi cherehani. Nilikaa kwenye serikali ya mtaa kwa miaka mitano, kutoka uchaguzi wa Desemba 2014 hadi ule wa Novemba 2019, kwa viti maalumu vya wanawake. Miaka hiyo mtaa wetu ulihangaika na mambo matatu: gofu la nyumba ya mawe lililotaka kutuangukia, barabara iliyoishia ukutani, na taa za barabarani zilizowaka zikijisikia. Mawili yalikwisha, moja limebaki nusu. Jiji silitaji wala kata. Wahusika bado wapo, na wengine nawashonea.

Nayaandika haya kwa sababu kila wiki anakuja mtu dukani na gauni la kupunguza, na kabla sijamaliza kupima kiuno ananiuliza: "Hivi dada, ule ukuta wa kwetu niende kwa nani?"

Swali lake ni zuri kuliko anavyodhani. Wengi wetu tukisema "halmashauri" tunamaanisha serikali yote, na huko ndiko tunakopotelea. Gofu ni la halmashauri kweli: mipango miji, wahandisi wa majengo, na afya. Barabara za mitaa si za halmashauri tena. Tangu Julai 2017 ziko TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini Tanzania, na barabara kuu na za mkoa ziko TANROADS, Wakala wa Barabara Tanzania. Nguzo na waya wa umeme ni TANESCO, shirika la umeme. Taa ya barabarani hufuata barabara iliposimama: kama ni ya TANROADS, ndiko utakakouliza, na kama ni ya mtaani, uliza TARURA na halmashauri. Mimi faili langu la barabara lilianza kwa mhandisi wa jiji mwaka 2016, na mwaka uliofuata TARURA ikaanza kazi. Nikabeba nakala zangu nikaanza upya kwenye ofisi nyingine. Ningekuwa sina nakala ningekuwa nimeishia hapo.

Kwa hiyo kabla hujaandika neno, jiulize kitu hicho ni cha nani. Ukikosa jibu muulize mtendaji wa mtaa. Hata asipokuwa na jibu, anajua nani wa kumpigia.

Muhtasari kwanza

Usianze kwa mkurugenzi. Najua una hasira, na najua binamu yako anamfahamu dereva wake. Ukienda peke yako, wewe ni mtu mmoja anayegombana na jirani. Ukienda na muhtasari wa mkutano wa mtaa, wewe ni mtaa.

Mwombe mwenyekiti aingize jambo lako kwenye ajenda ya mkutano. Lisije chini ya "mengineyo", maana likifika huko watu wameshachukua kandambili zao. Mkutano ukikubaliana, hakikisha muhtasari umeandika mambo manne: kitu gani, kiko wapi, mkutano umeazimia nini, na nani atafuatilia. Karatasi ya mahudhurio iambatishwe, yenye saini. Kutoka hapo jambo linapanda hadi Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani ndiye mwenyekiti, kisha kwenye halmashauri. Diwani akiwa na muhtasari mkononi anaweza kulisimamia kwenye kamati ya mipango miji na kwenye baraza. Akiwa na maneno yako ya barabarani tu, atakuitikia na kupita.

Vikao vya Baraza la Madiwani vya kila robo mwaka viko wazi kwa wananchi. Nenda ukakae nyuma usikilize. Huna ruhusa ya kusema, lakini diwani anayekuona pale hasahau ajenda yako.

Barua iliyompeleka mkaguzi kwa mzee wa watu

Barua yangu ya kwanza kuhusu gofu ilikuwa na kurasa tatu. Nilieleza historia ya nyumba, nani aliijenga, harusi zilizochezwa pale, jinsi sisi wanyonge tunavyosahaulika. Nilisahau namba ya kiwanja. Mtaa wetu ni wa zamani, nyumba chakavu zipo kama nne. Mkaguzi akaja siku sipo, akaulizia nyumba mbovu, akaelekezwa kwa mzee mmoja ambaye kosa lake ni kwamba plasta ya ukuta wake imebanduka. Akaikagua ndani na nje. Yule mzee mpaka leo nikimwamkia shikamoo, marahaba yake inatokea puani.

Barua ya pili ilikuwa ukurasa mmoja. Naiweka hapa, nafasi wazi ujaze mwenyewe:

Mkurugenzi wa Jiji,
K.K. Mtendaji wa Kata,
K.K. Mtendaji wa Mtaa.

YAH: OMBI LA UKAGUZI WA GOFU LA HATARI, KIWANJA NA. ___ KITALU ___, MTAA WA ___

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mkutano wa mtaa wa tarehe ___ ulijadili gofu lililopo kwenye kiwanja tajwa. Ukuta wa upande wa barabara una kimo cha mita 5 hivi na umeinama kuelekea njia wanayopita wanafunzi. Una ufa unaoendelea kupanuka, vipimo vimeambatishwa. Paa limeporomoka na hakuna anayeishi ndani.

Tunaomba gofu likaguliwe, mmiliki apewe notisi, na mtaa upewe majibu kwa maandishi.

Viambatisho: muhtasari na mahudhurio, picha 4, vipimo vya ufa, mchoro wa kuelekeza.

Hizo K.K., yaani "kupitia kwa", si mapambo. Ukimruka mtendaji wa kata, barua itarudishwa kwake apate kutoa maoni, na wiki mbili zimekwenda. Chapisha nakala mbili. Moja inabaki masjala, ofisi inayopokea barua, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Usiondoke bila muhuri hata kama mama wa masjala anakuambia "iache tu mwanangu." Ukifuatilia, taja tarehe ya muhuri na kumbukumbu namba. Usiseme "ile barua yangu".

Namba ya kiwanja kama huijui, kaulize ofisi ya ardhi. Upekuzi rasmi hulipiwa, na utakuonyesha jina lililosajiliwa. Kwetu lilikuwa jina la marehemu.

Ufa unapimwa

Fundi mwashi mmoja alinifundisha jambo lililotusaidia kuliko maneno yote. Nyumba zile za zamani za pwani ni mawe ya matumbawe, chokaa, na boriti za mikoko. Paa likishakwenda, mvua inaingia kwenye ukuta kutoka juu, chokaa inalainika, boriti zinaoza vichwani zilipoingia ukutani, na ukuta unabaki umesimama peke yake bila wa kuushika. Swali ni kama unatembea au umetulia.

Nilichora alama mbili, huku na huku ya ufa, kwa chaki ya kitambaa. Mvua ya kwanza ikazifuta. Nikarudi na rangi ya kucha, nyekundu, ikashika. Kila Ijumaa asubuhi, kukiwa kimya, nilisogea nikapima kwa tepu yangu kati ya alama na alama na kuandika kwenye kitabu cha vipimo, ukurasa wa nyuma ya vipimo vya wateja: milimita 42, 42, 43. Masika ilipoanza, 45. Mwisho wa Mei, 51. Karatasi hiyo ndiyo iliyomtoa mhandisi ofisini. (Fundi alikuja kunikaripia baadaye: ukuta ukishaanza kwenda hivyo usiusogelee tena, piga picha kutoka mbali. Alikuwa na haki.)

Sheria inaipa mamlaka ya mji uwezo wa kumwagiza mwenye jengo la hatari alitengeneze au alibomoe, na akikaidi, mamlaka ifanye yenyewe na kumdai gharama. Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 nayo inamruhusu afisa afya kushughulikia sehemu iliyogeuka kero, yenye taka, maji yaliyotuama, mazalia ya mbu. Kama gofu lako halijafikia kuanguka ila limekuwa jalala, mlango wa afya hufunguka haraka kuliko wa uhandisi. Wakati wa kusubiri, funga kamba, weka miiba na kibao, wahamishe watoto wapite upande wa pili. Lakini msibomoe wenyewe. Vijana wetu walishaleta kamba ya kuvutia mashua, wakataka usiku uleule wauangushe. Nami nusura niwaruhusu. Ukuta ungeangukia upande usiotarajiwa, na hata ungeanguka vizuri, mali ya mtu ni mali ya mtu. Kesi ingekuwa yetu sisi.

Notisi ikatoka. Ikabandikwa ukutani kwa sababu hapakuwa na wa kuipokea. Warithi kumi na mmoja: mmoja hapa mjini, watano Unguja, waliobaki Muscat, na mirathi haikuwahi kufunguliwa tangu baba yao afariki. Hapa usiiachie ofisi kila kitu. Tafuta warithi wewe, kwa upole. Nilipata namba ya bi mkubwa wao kule Muscat kupitia msikitini.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nyumba ya baba imeanguka?"

"Bado, bibi. Inataka."

Akanyamaza. Kumbe miaka yote waliogopa kwamba wakijitokeza, jiji litachukua kiwanja. Nikamweleza kuwa notisi ya kubomoa ukuta si notisi ya kunyang'anya kiwanja; ukuta unaondoka, kiwanja kinabaki kwa wenyewe, ila bila msimamizi wa mirathi hawana wa kuwasemea popote. Yule wa hapa mjini akaenda Mahakama ya Mwanzo na muhtasari wa kikao cha ukoo, akateuliwa. Baada ya hapo mambo yakawa mepesi. Warithi walichanga, mafundi wakaushusha ukuta kuanzia juu, jiwe kwa jiwe, mpaka kimo cha kifua, wakazungushia mabati. Kutoka barua ya kwanza ilikuwa miezi kumi na minne.

Kitu kimoja cha kuangalia kwenye miji ya kale. Palikuwa na mlango wa nakshi, na dalali akaja na gari kabla ya mafundi. Mlango au fremu iliyochongwa kabla ya 1940 inalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Haing'olewi na kuuzwa kienyeji. Tulipomtajia dalali sheria hiyo, aliwasha gari. Siku hizi, tangu jengo la Kariakoo, Dar es Salaam, liporomoke tarehe 16 Novemba 2024, kila mtu anaangalia nyumba ya jirani kwa jicho la pili, kwa hiyo barua ya namna hii huenda ikasomwa upesi. Itumie nafasi hiyo, ila usiseme jengo linaanguka kama halianguki.

Barabara iliyoishia ukutani

Barabara yetu ilianza vizuri kutoka sokoni, ikaenda mita 180 hivi, ikagonga ukuta. Upande wa pili wa ukuta kuna barabara nyingine. Mgonjwa akitoka kwetu kwenda zahanati anazunguka mtaa mzima kwa bajaji.

Swali la kwanza kuhusu kuongeza barabara: ipo kwenye mchoro wa mipango miji au haipo? Nenda mipango miji uombe kuuona mchoro wa eneo lako. Majibu yake yanatenganisha njia mbili zisizofanana kabisa. Kama barabara imo na mtu amejenga juu yake, huo ni uvamizi. Atapewa notisi, atawekewa alama ya X ya kubomolewa, na hana madai ya fidia. Kama haimo, basi unaomba ardhi ya mtu, na ardhi ya mtu ina bei.

Yetu ilikuwa vyote viwili. Sehemu ya kwanza ilikuwa imo kwenye mchoro, ya mwisho haimo. Mpima akaja kutafuta bikoni, zege linalozikwa kuonyesha mpaka. Alikuwa na namba zake kwenye karatasi, akahesabu, akasema inapaswa kuwa hapa, mahali palipokuwa na jiko la mama mmoja muuza chapati. Tukaangalia. Mafiga mawili yalikuwa mawe ya kawaida. La tatu lilikuwa la zege, la mviringo, lina chuma katikati na herufi zilizoliwa na moshi. "Hili nililikuta," akasema yule mama, "linatulia sufuria vizuri." Mpima alicheka mpaka akakaa chini. Bikoni iliyong'olewa haitumiki tena kuwa ushahidi wa mpaka, lazima apime upya kutoka bikoni nyingine. Tukapoteza siku mbili. Kwa hiyo kabla mpima hajaja, wapitie majirani uwaombe wasiguse zege lolote lililozikwa, na ukiliona, usilitoe ili umwonyeshe. Mwonyeshe likiwa ardhini.

Kwa sehemu isiyokuwemo, kuna njia ya fidia na njia ya kuachia. Fidia ina mambo mengi zaidi ya bei ya ukuta: thamani ya ardhi na kilichojengwa, posho ya usumbufu, usafiri wa mizigo ya tani 12 ndani ya kilomita 20, na posho ya makazi ambayo ni kodi ya pango ya soko kwa miezi 36. Mthamini ndiye anayepiga hesabu, na malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita yanadaiwa riba. Mweleze jirani yako haki hizi zote kabla hujamwomba chochote. Ukimficha, siku atakapozijua utakuwa adui, na barabara itakwama.

Kwa kuwa fidia inahitaji bajeti, mitaa mingi huchagua kuachia: kila mmoja anatoa mita moja au mbili kwa hiari ili gari lipite. Sisi tulifanya hivyo kwa nyumba sita. Kosa letu lilikuwa saini. Mume wa nyumba ya nne alisaini mbele ya mwenyekiti, tukapiga vigingi jioni. Asubuhi vigingi vyote vya kwake viko jikoni kwa mkewe, vimeshageuka kuni. Mke hakuulizwa. Tulirudi, safari hii tukaanza kwa yeye, na aliachia bila shida. Alitaka tu mwembe wake ubaki, tukakunja njia kidogo. Nyumba ya ndoa isainiwe na mume na mke, na watu wazima wanaoishi humo wajue. Maandishi yataje upana kwa mita. "Kidogo" na "pembeni" havipimiki.

Upana wenyewe niliupima kwa tepu ya cherehani, sentimita 150, mara nne, yaani mita 6. Afisa aliponiona nimepiga magoti na tepu shingoni alinisikitikia, akaniazima yake ya mita 50.

Muda wa kupeleka ombi nao una kanuni. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, lakini bajeti hupikwa miezi mingi kabla. Ikifika Januari halmashauri zinakuwa zimeshaandaa makadirio. Ukipeleka barua Mei ukitaka greda Julai, umechelewa karibu mwaka mzima. Mkutano wa mtaa uwe Agosti, kata Septemba, ili Novemba wanapokaa na kalamu wakukute mezani. Kipande chetu cha mwisho bado ni vumbi. Hicho ndicho ile nusu niliyosema.

Taa

Hapa sitakuchosha, maana kazi kubwa ni kuhesabu. Zipe nguzo namba zako mwenyewe kuanzia kona, na ziandike daftarini pamoja na namba rasmi kama ipo. Pita usiku, saa mbili, andika ipi inawaka. Pita mchana pia. Taa moja ikizimika peke yake, aghalabu ni taa yenyewe. Safu nzima ikizimika pamoja, tatizo liko kwenye waya au kwenye boksi la mita, na pengine ni wezi wa waya wa shaba. Inayowaka mchana kutwa ina kihisi mwanga kibovu. Za sola ni hadithi nyingine: zikianza kuzimika saa nne usiku badala ya alfajiri, betri zimechoka, na mara nyingine paneli imejaa vumbi na mavi ya kunguru tu.

Kwetu safu nzima ilizimika wiki tatu. Watu wakasema hujuma, wengine wakasema siasa. Mita ilikuwa imeisha umeme. Ulizia hilo kwanza, utajiokoa barua.

Usimpandishe kijana nguzoni, hata kama ni fundi umeme. Na ukiomba taa mpya, usiseme mtaa una giza. Onyesha wapi: kona ya msikiti, mlango wa zahanati, daraja la mfereji. Wakitoa taa tatu badala ya kumi, zitakwenda palipo na hoja.

Nina nguzo 14 daftarini. Namba 9 inawaka mchana tangu wiki iliyopita. Barua yake iko kwa mtendaji tangu Jumatatu, na nakala yenye muhuri nimeibana kwenye kitabu cha vipimo, kati ya gauni la harusi na sare za shule.